Maswali Thelathini na Moja, na Ng'ombe Tisa Wasio na Baba

Mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau, na mimi si mtu wa kuombwa mara mbili kujisifu. Mwezi uliopita nilimwachia Nafula funguo za duka, bisibisi zote isipokuwa moja, na kiti ambacho kimeshika umbo la mgongo wangu. Nina miaka hamsini na mitatu. Watu wanasema nimestaafu mapema. Daktari anasema macho na mgongo havijui mapema ni nini. Basi someni, nyinyi mlio na diploma. Mimi niliachia shule darasa la sita, na kutoka Naivasha mpaka Molo hakuna fundi aliyeweka mfumo kwa kompyuta nyingi kuliko mimi. Mtu anaweza kubisha, lakini abishe akiwa amesimama mbali.

Kompyuta yangu ya kwanza niliisukuma. Nilikuwa na mkokoteni hapa Nakuru, nabeba viazi, saruji, chochote kisichoweza kutembea chenyewe. Siku moja mwanamke mmoja akanisimamisha nimbebee maboksi manane mpaka ofisi yake ya kupiga taipu, nyuma ya stendi. Huyo alikuwa Madam Akinyi, mama mnene wa sauti ndogo, aliyekuwa amepiga taipu tangu ujana wake na sasa alitaka kuhamia kompyuta kabla wateja hawajahama. Nilipomaliza kushusha nikabaki mlangoni nikitazama. Alikuwa ameingiza sidii ya mfumo, yaani ile programu mama inayoamsha kompyuta na kuendesha zile nyingine zote, na kila baada ya dakika kadhaa mashine ilisimama na kumuuliza kitu. Anajibu, inaendelea kidogo, inasimama tena.

Akaniuliza bila kugeuka, "Boss, unajua kusoma?"

"Kidogo."

"Kidogo inatosha. Kaa hapa. Ikisimama, bonyeza hiki."

Hiki kilikuwa kitufe cha Enter. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kompyuta, na wako watu wameajiriwa na digrii wanaifanya mpaka leo. Nilibonyeza kutoka asubuhi hadi jioni. Lakini mtu wa mkokoteni huzoea kuhesabu magunia, kwa hivyo nilihesabu. Lugha gani. Kibodi gani. Nchi gani. Saa ngapi. Jina lako. Jina la mashine. Unakubali masharti? Una uhakika? Mashine moja ilikuwa na maswali thelathini na moja, na mashine ya pili ikauliza yale yale, kana kwamba haikuwa imekaa karibu na mwenzake ikisikia.

Kesho yake nikarudi bila mkokoteni.

Madam Akinyi alinipa daftari la kurasa tisini na sita, akasema kila swali nisiloelewa niliandike lilivyo, herufi kwa herufi, tutalisoma pamoja saa ya chai. Kiingereza changu chote nilijifunzia hapo. Ndiyo maana mpaka leo nikiongea na mzungu nasikika kama mtu anayekubali masharti. Lakini somo kubwa nililipata kwa kosa. Nilikuwa nimezoea kubonyeza Enter kila mahali, na swali la saa nikalipita hivyo hivyo kwa mashine ya mchungaji mmoja wa Bahati. Kumbe usipochagua, mashine inachukua saa za Amerika. Kwa miezi miwili yule mchungaji alituma barua za mkutano wa Jumamosi zikiwa na tarehe ya Ijumaa. Alipokuja kulalamika, Madam Akinyi alimwomba msamaha kwa adabu zote, akampa chai, akangoja aondoke, ndipo akanigeukia.

"Ndirangu, hii mashine haikuulizi wewe. Inamuuliza mwenyewe. Wewe ni mdomo tu."

Tangu siku hiyo akanilazimisha kukaa na mteja kwanza, daftari kwa magoti, kabla hata ya kuwasha. Mzee, jina la mashine tuandike nani? Utaandika kwa lugha gani? Kuna vitu vya zamani unataka vibaki? Wateja walidhani ni mbwembwe. Lakini ukimaliza hayo unajua majibu yote, na ukishajua majibu yote, unaanza kujiuliza kwa nini ukae mbele ya skrini saa mbili ukiyasema moja moja kama mtu yuko kortini.

Hapo ndipo akili yangu ilipoamka, na sikuambiwa na mtu. Nilikuwa nikipekua ile sidii, folda kwa folda, vile mtu hupekua mfuko wa koti la zamani, nikakuta faili moja ya mfano. Ilikuwa maandishi tu. Nikaisoma na kamusi kwa siku tatu. Ilikuwa ikisema hivi: kabla mashine haijauliza, huwa inaangalia kwanza kama kuna karatasi ya majibu imeachwa. Ikiikuta, inasoma na kunyamaza. Isipoikuta, inaanza kusumbua watu. Miaka yote hiyo tulikuwa tunajibu kwa mdomo kitu kilichokuwa tayari kusoma barua.

Nikaanza kuandika barua yangu. Msidhani ilikuwa rahisi. Alama moja ya kufunga nukuu niliyoisahau ilinichukua wiki mbili, na katika wiki hizo nilivunja kikombe na urafiki mmoja. Ushauri wangu kwenu: badilisha jambo moja, jaribu, kisha badilisha lingine. Ukibadilisha kumi kwa mpigo na ikakataa, hujui umwulize nani. Tafuta pia mashine moja mbovu isiyo na mwenyewe, uifanyie majaribio yote. Yangu ilikuwa haina kifuniko, na niliiwekea mfumo zaidi ya mara mia mpaka feni ikaomba kupumzika.

Siku ilipokubali nilikaa nimekalia mikono yangu miwili, nisije nikagusa. Lugha, ikapita. Saa, ikapita, na ilikuwa saa ya Nakuru. Jina, ikapita. Madam Akinyi alikuja akasimama nyuma yangu na kikombe chake, akatazama skrini ikijiendesha mpaka chai ikapoa. Akasema, "Sasa wewe utakuwa unafanya nini?" Nikamwambia nitakuwa nikitazama. Alicheka mpaka akaketi. Alikufa miaka mingi baadaye akiwa kwao Kisumu, na kwa mazishi yake niliambia watu yeye ndiye chuo kikuu nilichosomea. Hakuna aliyebisha.

Basi nikawa napunguza. Kutoka thelathini na moja nikafika kumi na mbili, kutoka kumi na mbili nikafika nne. Sidii zikaenda, flashi zikaja, nikahamia huko. Mifumo ilibadilika, na kila mpya ulikuja na maswali mapya, kama mtu amejua nimeyamaliza yale ya kwanza. Nikaendelea kukata. Mwishowe nikabaki na moja: lile linalosema mashine itafuta kila kitu kilicho kwenye diski, je, una uhakika? Hilo nililiacha. Nilikuwa na adabu bado.

Adabu iliisha Gilgil. Kuna chuo kimoja cha ufundi huko, sikitaji jina, kilichonunua kompyuta sitini za mitumba, zile zinazoletwa kutoka Uingereza. Walitaka zote ziwe tayari siku moja, kwa sababu wageni wakubwa walikuwa wanakuja kesho yake. Fundi mwenye digrii kutoka Nairobi alikuwa amewaambia anahitaji wiki na wasaidizi wanne. Mimi nikasema siku moja, na peke yangu. Lakini ukiwa na mashine sitini, hata swali moja ni kuzunguka chumba mara sitini. Nikalitoa. Nikaandika kwenye barua: chukua diski ya kwanza unayoiona, futa, endelea, usiniulize.

Nikachomeka flashi sitini, nikawasha zote, nikafunga mlango, nikaenda Kikopey kula mbavu.

Mkuu wa chuo alinipigia simu nikiwa nimeshika mfupa. Aliniambia nimeonekana nikitoka, kwamba hapo si mahali pa kuchezea, na kwamba yeye aliitisha fundi, hakuitisha mtu wa nyama. Nikamwambia, boss, kazi inaendelea, mimi nikiwa hapo nitaiharibu tu kwa kuitazama. Niliporudi nilimkuta mlangoni amekunja mikono. Nikafungua. Kompyuta sitini zilikuwa zimejipanga, zote zinaonyesha picha moja, zote zinangoja mtu aandike nywila. Alitembea mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu akaniuliza kama nyama ilikuwa imebaki.

Habari hiyo ilinitangulia kila mahali, na mahali ambapo haikunitangulia niliibeba mwenyewe. Nilianza kuwa mtu wa kuchomeka na kuondoka. Daftari la Madam Akinyi likabaki dukani. Kwa nini niulize mtu kitu, na flashi yangu inajua yote?

Sasa tufike Molo.

Mama Chebet alikuwa mpandishaji wa ng'ombe. Alizunguka mashambani na pikipiki na mtungi wa baridi wenye mbegu za fahali, na kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa ameandika kwenye kompyuta ukoo wa kila ng'ombe aliyemgusa: huyu mama yake ni nani, nyanya yake ni nani, baba yake ni fahali gani. Msicheke. Bila hiyo rekodi, unaweza kumpandisha mtamba na mbegu ya baba yake mwenyewe, upate ndama dhaifu na lawama za ukoo mzima. Tena mtamba mwenye kadi ya ukoo anauzwa kwa heshima, asiye na kadi anauzwa kama nyama. Mlima mzima ulimtegemea.

Radi ikapiga ofisi yake ikaunguza kompyuta. Kilichobaki ni diski ndogo ya nje aliyokuwa akihifadhia nakala. Aliponipigia nilimwambia kwa kiburi cha daktari, "Mama, hiyo diski ilinde kama mtoto, mengine niachie mimi." Nikapanda na mashine nyingine ya mitumba. Wanunuzi wa mitamba kutoka kaunti ya mbali walikuwa wanakuja baada ya mwezi mmoja, na wakulima walikuwa wamemwambia wazi kwamba wanangoja kadi zake.

Nikaweka mashine mezani. Mgongo ulikuwa umeanza kunikataza kuinama, basi nikamwambia, mama, nisaidie, chomeka kila kitu hapo nyuma. Mimi nikachomeka flashi mbele, nikawasha, nikatoka nje kwa chai. Nilikuwa namsimulia juu ya Gilgil. Nilikuwa nimefika kwa mkuu wa chuo aliyekunja mikono.

Tuliporudi, skrini ilikuwa na maneno. Kwa miaka mingi mashine zangu hazikuwa zimeniambia kitu, kwa hivyo nilijua kabla ya kusoma. Ilisema haiwezi kuweka mfumo kwenye diski ya aina hii. Nikazunguka nyuma ya meza. Alikuwa amechomeka kila kitu, kama nilivyomwambia: kibodi, kipanya, printa, na ile diski ndogo ya nje. Ile mashine ya mitumba ilikuwa imeihesabu kuwa ya kwanza. Na barua yangu ilisema chukua ya kwanza, futa, usiniulize. Ilifuta, ikagawanya upya, halafu ndipo ikagoma.

Mama Chebet aliona uso wangu. Hakupaza sauti.

"Fundi, imefuta?"

"Imefuta, mama."

"Na haikuuliza?"

"Nimeifunza isiulize."

Akaitazama ile diski, taa yake ndogo bado inawaka. "Na wewe?" akasema. "Wewe nani alikufunza usiulize?"

Nimetukanwa na wateja kwa lugha sita katika maisha yangu. Hakuna tusi lililoingia kama hilo, na halikuwa tusi.

Niliichomoa ile diski, na hili lishikeni: ukifuta kwa makosa, usiandike kitu chochote tena juu yake, usijaribu tena, chomoa. Nikaileta Nakuru nikaikalia siku nne na programu za kufufua faili. Mimi ni hodari, kwa hivyo nyingi zilirudi. Kuanzia zile za kwanza kabisa, miaka na miaka, zilirudi nzima. Lakini faili kubwa la miaka mitatu ya mwisho lilirudi vipande vipande, majina ya ng'ombe huku, majina ya fahali kule, kama karatasi iliyopita kwa mdomo wa mbuzi. Na mitamba waliokuwa wanauzwa mwezi huo wote walikuwa wa miaka hiyo mitatu.

Nilimrudishia nikamwambia ukweli. Akafikiri kidogo, akasema, "Kesho uje na gambuti."

Nikafunga duka. Wiki tatu, mimi, mfalme wa kutouliza, nilizunguka miinuko ya Molo na Turi na daftari la kurasa tisini na sita, nikiuliza shamba kwa shamba. Mzee, huyu mama yake ni nani? Alizaliwa lini? Mlimpandisha na fahali gani? Habari zangu zilikuwa zimefika mbele yangu tena, lakini si zile za Gilgil. Mzee mmoja alinipokea akiwa ameegemea lango.

"Ni wewe umefanya ng'ombe wetu wakawa mayatima?"

"Ni mimi, mzee."

"Ingia. Lakini usiguse kitu."

Nilijifunza kwamba wanaume hukumbuka bei ya ng'ombe na wanawake hukumbuka siku. Mama mmoja aliniambia mtamba wake alizaliwa wiki ya kipaimara cha binti yake, akaleta picha ya kipaimara, na ndama alikuwa pembeni ya picha, mguu mmoja na mkia. Wengine walikuwa wamedunga kwenye mbao za zizi ile mirija midogo ya plastiki ya mbegu, kila mmoja umeandikwa jina la fahali, bila sababu yoyote ila kwamba ulikuwa na rangi nzuri. Nilisoma mirija hiyo kwa tochi ya simu kama mtu anasoma maandiko. Jioni tulikaa na Mama Chebet tukioanisha majibu na vile vipande vyangu vya faili, na kila jina lililopata mwenzake alilipigia mstari. Baada ya wiki ya kwanza alianza kunikaribisha ugali.

Siku mbili kabla ya wanunuzi kuja, tulikuwa tumemaliza mitamba wote isipokuwa tisa. Mama zao tulijua. Baba zao hakuna mtu, picha wala mrija uliojua. Mama Chebet akachukua kadi tisa, akazijaza mwenyewe, akanipa nisome. Kwenye nafasi ya baba, kwa kila kadi, alikuwa ameandika: Ndirangu, fundi wa kompyuta, Nakuru.

Nikamwambia, mama, hii si kadi sasa. Akasema ni kadi ya kweli kuliko ingine yoyote, maana mtu akiisoma atajua baba hajulikani na atajua ni kwa nini, na hatamkaribia huyo ng'ombe na mbegu bila kuuliza kwanza. Wale tisa hawakuuzwa mwaka huo. Wenyewe walibaki nao, wakawa ng'ombe wazuri wa maziwa, na mimi nikiingia Molo watu huniuliza watoto wanaendeleaje.

Niliporudi dukani niliiandika upya ile barua. Ile flashi mnayotumia kila siku, inayouliza swali moja tu, inatoka hapo. Nafula, ambaye sasa ndiye mkubwa wenu, alipokuja kwangu na diploma yake aliniuliza kwa nini nisimalize hilo moja pia, maana yeye aliweza kulitoa kwa dakika mbili. Nilimweleza, na nawaeleza nyinyi. Sikurudisha lile la zamani la "una uhakika?" Hilo si swali. Hakuna mtu aliyewahi kuulizwa kama ana uhakika akasema hapana. Kidole kinafika kwa Enter kabla ya macho. Flashi yangu inaonyesha diski iliyoipata, aina yake na ukubwa wake, halafu inauliza: hii ni ya nani? Na inangoja uandike jina. Enter tupu haiikubali. Ili uandike jina lazima umjue mwenyewe, na ili umjue lazima uwe umekaa naye, na ukikaa naye atakuambia kuna nini humo ndani. Yale thelathini mengine nimewaondolea kabisa, na mjue ni kazi ya maisha ya mtu. Hilo moja msiliguse.

Siku ya kuniaga mlikuwepo wengi, lakini hamkuwa nje alipofika Mama Chebet, kwa hivyo niwasimulie. Alikuja na pikapu kutoka Molo, ndani yake ndama jike mweusi na mweupe, amefungwa kamba, akitazama bango la duka kama mteja anayefikiria bei. Alikuwa amesikia naenda nyumbani Bahati kufuga. Akanipa kadi. Jina la mama lilikuwepo. Jina la nyanya lilikuwepo, mmoja wa wale tisa. Na baba ya huyo nyanya mnamjua.

Nafasi moja tu ilikuwa tupu, ile ya chini kabisa, ya mwenye ng'ombe. Nikamuuliza mbona hajaijaza, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

"Hiyo siandikiangi mtu," akasema. "Si ni wewe husema swali la mwenyewe halijibiwi na mwingine?"

Nikaiweka kadi juu ya boneti ya pikapu, nikatafuta kalamu. Nafula alikuwa ametoka, amesimama nyuma ya bega langu kama vile mimi nilisimama mlangoni kwa Madam Akinyi.

"Mzee, una uhakika?" akaniuliza, akicheka.

"Hilo si swali. Uliza la maana."

Akamtazama ndama. "Haya. Huyu ni wa nani?"

"Wangu," nikasema, nikaandika.